Dhoruba ya Kona Moja

Nilifunga safari ya Unguja kwa sababu ya picha. Wengi wenu mliiona masika yale: kona ya barabara ukingoni mwa Mji Mkongwe, maji yamefika magotini, mtalii amejitwika sanduku lake la nguo kichwani, na nyuma yake paka amekaa juu ya paa la gari, anatazama tu. Redio iliieleza, televisheni iliionyesha, na simu zetu hapa Kilosa zilijaa nayo. Katika chumba cha walimu tuliitazama mpaka yule paka akawa kama wa kwetu.

Siku ya pili tukaletewa picha ileile. Siku ya tatu ileile tena, ila imepigwa kutoka upande mwingine. Mwalimu Deo, anayefundisha Kiswahili na ambaye hapitishi saa moja bila kumtania mtu, akaweka kikombe chake mezani.

"Mwalimu Neema, wewe ndiwe wa jiografia. Hebu tueleze, hicho kisiwa kizima ni kona moja?"

Nilicheka na wenzangu, lakini swali sikuliacha pale mezani. Wiki hiyohiyo dhoruba nyingine ilipiga nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari kubwa. Ile ilikuwa na jina lake. Ilikuwa na ramani yenye mishale, na mtu aliyesimama kwenye upepo akipiga kelele kwenye kipaza sauti. Tuliijua kabla haijafika pwani, na tuliifuata mpaka ilipoisha. Ya Unguja haikuwa na jina, ilikuwa na kona. Na sisi wa Kilosa, ambao mto ukifurika tunahamia madarasani na magodoro yetu, tunajua vizuri kwamba mvua haina kona inayoipenda.

Jioni moja ya wiki iliyofuata nikampigia simu Zuhura. Tulisoma naye chuo cha ualimu, kisha yeye akaacha chaki akafungua duka la vitambaa Darajani. Nilimpa pole ya duka.

"Dukani maji yaliingia, nshayatoa," alisema. "Kazi iko kwa mama huko. Bahari imeingia kisimani."

"Kisima gani? Wapi?"

"Mwambatundu, kaskazini. Wiki ya pili hii."

Nikamwambia sijasikia neno Mwambatundu mahali popote.

"Utalisikia wapi, shoga, na wewe unasikiliza redio?"

Shule zilikuwa zinafunga kwa likizo fupi ya masika. Nikafungasha nguo chache, daftari, na mwavuli.

Dar es Salaam nilifika jioni, nikalala kwa binamu yangu, na Jumapili asubuhi nikapanda boti. Karibu saa mbili za bahari nilizitumia kusoma gazeti ambalo abiria mwenzangu alikuwa ameliacha kitini. Ukurasa wa ndani ulikuwa na habari ya mvua za Zanzibar, na nadhani mnaijua picha iliyowekwa. Nikamwonyesha mama aliyekaa pembeni yangu, nikamuuliza kama kwao kuliharibika kitu. Akasema paa la banda la kuku liliruka likaangukia kwa jirani, na jirani amelifanya ukuta wa choo. "Sijamdai," alisema, "maana limemkaa vizuri."

Zuhura alinipokea bandarini Malindi. Alikuwa amenenepa kidogo, na alinikumbatia kwa nguvu hata mwavuli wangu ukafunguka.

Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua duka, alinipeleka kwenye kona yenyewe. Maji yalikuwa yamekauka. Zilibaki alama za tope ukutani, na muuza machungwa aliyepanga mafungu yake palepale alipopita yule mtalii. Tukio hili lina maelezo yake, na ni mepesi. Zamani upande huu wa mji ulikuwa na mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuutenga Mji Mkongwe na sehemu nyingine, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo maana panaitwa Darajani, ingawa daraja huwezi kuliona leo. Mkono ule ulifukiwa, barabara na maduka vikajengwa juu yake. Ikinyesha mvua kubwa wakati bahari imejaa, maji ya mji hayana pa kwenda, yanarudi kukaa pale yalipozoea kukaa. Kwa hiyo picha haikuwa ya uongo. Hapo panajaa kweli, na hujaa upesi kuliko sehemu nyingine.

"Na picha yenyewe ilipigwa kutoka pale," Zuhura akanionyesha roshani ya hoteli ng'ambo ya barabara. "Mgeni alikuwa anakunywa chai. Hakuinuka hata kwenye kiti."

Muuza machungwa alisikia. "Na mie nimo," akasema. "Mkono wa kushoto, kikapu kichwani. Ndugu yangu wa Maskati kaniona, akanipigia simu analia."

"Ulipoteza nini?" nikamuuliza.

"Machungwa ishirini. Ila pole nimepata nyingi kuliko machungwa."

Jioni ya siku hiyo tulikuwa barazani kwa Zuhura, Kiembe Samaki, mume wake akitengeneza pasi na sisi tukimenya vitunguu thomu, alipopita jirani yao, Haji. Haji ni mwandishi wa redio. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye pikipiki iliyoungwa kioo kwa gundi. Zuhura akamwita, akamwambia nimetoka bara kuja kumuuliza kwa nini dhoruba ilipiga kona moja.

Nilidhani atakasirika. Akavuta kiti.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," alisema. "Upepo ule ulipiga kutoka kaskazini mashariki. Mji uliguswa mkia tu. Lakini mnara wa simu wa upande ule ulianguka usiku uleule. Sasa mhariri wangu asubuhi anauliza, nani kapiga simu? Watu wa mjini wote wamepiga. Huko kaskazini, kimya. Kimya tukakifanya salama."

"Hamkwenda?"

"Tulikuwa na gari moja. Gari ikaenda kwenye picha, maana picha ishafika hadi nje, na wao wa nje wanatuuliza sisi: ile kona ikoje leo? Ukisema unataka kwenda kwingine, unaulizwa, una picha ya huko? Sasa nitakuwa na picha ya mahali sijakwenda?"

Nikamtajia Mwambatundu. Akanitazama kwa mshangao.

"Nilikwenda Mwambatundu! Siku ya tatu, kwa pikipiki yangu, kwa petroli yangu. Palikuwa pasafi kuliko hapa tulipokaa. Uwanja umefagiliwa, watu wamevaa vizuri, wamenikirimu mikate ya mofa na samaki. Nikawauliza hali, wakasema hawajambo. Nimerudi na shibe, habari sina."

Zuhura aliacha kumenya. "Hawajambo? Kisima kimeingia bahari, na wewe wanakwambia hawajambo?"

"Dada Zuhura, nilikunywa maji pale kwenu. Gilasi mbili. Mazuri, baridi."

Walitazamana kama watu wawili walioshuhudia ndoa moja, kila mmoja na bibi harusi wake. Zuhura hajawahi kunidanganya, na Haji sikuona kwa nini adanganye. Nililala nikiwaza hilo.

Jumanne asubuhi tukashika njia ya kaskazini kwa gari dogo la mume wa Zuhura. Bububu tulisimama kununua mkate na sukari, kwa sababu haifai kwenda kwa mzee mikono mitupu. Hapo mvua ilikuwa imepita kama mvua yoyote. Tulipozidi kwenda ndipo nilipoanza kuona: kwanza migomba iliyolala, yote ikielekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Kisha minazi iliyokatika shingo. Kisha skuli isiyo na paa upande mmoja, na watoto wako ndani wanasoma. Zuhura alikuwa akinitajia majina ya vijiji, nami nikiyaandika. Hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekisikia wiki ile.

Karibu na saa tano tukaingia Mwambatundu. Ni kijiji kidogo, nyumba za mawe na chokaa, nyingine za udongo na makuti, juu kidogo ya pwani ya mwamba wa matumbawe. Tukapiga hodi kwa Bi Riziki, mama yake Zuhura.

Haji alisema kweli. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, na mistari ya ufagio ilionekana mchangani kana kwamba mtu ameipiga rula. Makuti mapya yalikuwa paani. Bi Riziki ni mama mwembamba wa miaka sitini hivi, mwepesi wa miguu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Hamjambo huko bara? Mvua vipi?"

Mimi ndiye niliyekuja kumuuliza mvua, naye kaniwahi. Kabla sijakaa sawasawa alikuja mkaza mwana wake, Mwanaidi, mwenye mimba kubwa, na sinia lenye gilasi iliyofunikwa kisahani. Maji yalikuwa baridi na matamu. Niliyamaliza yote. Nikamuuliza Bi Riziki hali za hapo baada ya dhoruba.

"Hatujambo, alhamdulillahi. Tushukuru."

Nikakaa nikijiuliza kama labda Zuhura, kwa uchungu wa mtoto kwa mama yake, alikuwa amekuza mambo.

Wakati wa chakula nilikwenda uani kunawa. Palikuwa na ndoo na kata. Nikanawa mikono, nikasukutua, na maji yaliponigusa ulimi nikayatema. Yalikuwa na chumvi, chumvi kabisa, na ukakasi juu yake. Mwanaidi, aliyekuwa akigeuza samaki jikoni, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hayo ya kisimani, Mwalimu. Wewe ulipewa ya Kichakani."

"Kichakani ni wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu, mbali, upande usio wa bahari. Mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu kwenda, na kurudi zaidi, kwa sababu kichwani una ndoo. Bi Riziki ndiye anayekwenda. Mwanaidi amekatazwa kunyanyua kitu. Maji ya Kichakani yanakaa katika mtungi ulio ndani, na ni ya watu wa aina mbili: mja mzito na mgeni.

"Na mama mwenyewe anakunywa yapi?"

Mwanaidi akaacha kucheka. "Haya unayonawia. Anachemsha, anatia tangawizi. Na presha anayo. Kaambiwa na daktari chumvi asiguse."

Nilirudi mkekani nikiwa na gilasi ile ya kwanza tumboni, nikaiona nzito.

Baada ya chakula nilimuomba Bi Riziki anionyeshe kisima. Kiko hatua chache kutoka pwani, kimezungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Tulikuwa watu wanne: mimi, yeye, Zuhura, na jirani yao Bi Mize, mama mnene mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Hapa niwaeleze jambo ambalo nimelifundisha miaka mingi ubaoni bila kuliona. Katika ardhi ya matumbawe, mvua huzama haraka. Chini kuna maji ya bahari. Maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu yake, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Kisima kizuri cha pwani kinachota ule utandu wa juu tu. Usiku wa dhoruba yalikuwa maji ya bamvua, yale makuu yanayokuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Upepo uliyasukuma yakapanda juu ya mwamba, yakamwagika kisimani kwa juu. Mchuzi ukavurugwa. Kutulia kwake kunahitaji mvua nyingi na muda, au watu wenye pampu wakikamue, na wakati huo wanakijiji waletewe maji kwa gari.

"Gari la maji lipo," Zuhura alisema. "Sheha, mkubwa wa kijiji, kashapeleka barua. Orodha ya vijiji vitakavyopelekewa inafungwa keshokutwa, Alhamisi. Barua ya sheha iko chini ya barua nyingine huko ofisini."

Nikamgeukia Bi Riziki. "Mama, Haji wa redio si alifika hapa?"

"Kafika. Kijana ana adabu yule, kavua viatu mbali."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Kauliza hali, tumemjibu hali. Ulitaka tumwambie nini mtu jasho la njia halijamkauka? Tumempa maji, tumempa chakula. Angekaa kidogo tungemweleza. Kaondoka."

"Na mlikuwa mmeshafagia," Zuhura akadakia.

"Tukae na uchafu?" Bi Riziki akamkazia macho. "Siku ya kwanza hapa palikuwa hapatazamiki. Paa la Mize liko chumbani kwangu. Vitanda vinaonekana kutoka njiani! Tulifanya kazi siku mbili, wanaume na wanawake, hatukulala. Nyumba iliyo wazi ni sawa na mtu aliye uchi. Mgeni umwite aje aone hivyo?"

Kwetu pia, mgeni akija, mtu anakimbia kuficha ndoo inayovuja. Lakini sasa nilielewa safari ya Haji. Alikuja mahali palipopigwa na dhoruba, akakirimiwa mpaka asiione. Kila gilasi waliyompa iliwatoa kwenye habari.

Simu Mwambatundu inashika mahali pamoja, juu ya ukuta wa nyuma wa skuli. Nilipanda nikampigia Haji.

"Mwalimu, nshakwambia nilikunywa maji pale, yalikuwa mazuri!"

"Hiyo ndiyo habari yenyewe, Haji. Uliza yalitoka wapi."

Akasema atakuja kesho kabla ya adhuhuri, na kwamba akipata kitu atakipeleka kwa taarifa ya saa mbili usiku.

Jumatano asubuhi mjadala ulikuwa mmoja tu pale uani: Haji apewe maji gani. Nilisema kwa upole kwamba kama mtu anataka jambo lake lieleweke, hana budi amwonjeshe anayeuliza. Bi Riziki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Wewe mwanangu ni mwalimu, nakusikia. Lakini mie sijapata kumpa mgeni maji mabaya tangu niolewe. Watu watasema nini? Riziki kazeeka, kasahau?"

"Mpe," Bi Mize akasema, "na ndimu umkamulie, na pilipili. Akilala hapa tumkaange."

Tulicheka wote isipokuwa Mwanaidi. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mgongoni.

"Mama," alisema, "humu ndani anayekunywa matamu ni mimi. Juzi ulirudi Kichakani ukakaa pale chini, hukuweza kusema hata bismillahi. Nilikuona. Orodha ikifungwa kesho hatumo, mie nabeba ndoo. Ukatae, usikatae, nabeba."

"Toba! Na hiyo mimba?"

"Na hiyo mimba."

Bi Riziki aliuchukua ufagio, akaenda pembeni ya uwanja, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Haji alifika saa tano unusu, vumbi mpaka kwenye kope. Akavua viatu mbali, kama alivyosifiwa. Tukakaa mkekani. Bi Riziki akatoka na sinia mwenyewe, gilasi imefunikwa kisahani. Mimi na Zuhura tulitazamana. Hatukujua amemimina kutoka mtungi gani. Akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe mwanangu," alisema. "Leo nnakukosea adabu."

Haji akapokea kwa mikono miwili. Akanywa funda moja. Niliyaona macho yake yakitoka. Basi mtoto huyu wa Unguja, aliyelelewa na mama yake vizuri, akafumba macho, akanywa mpaka chini, akarudisha gilasi kwenye sinia.

"Ahsante, Bi," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Maji mazuri."

Bi Mize akaanguka ubavu juu ya mkeka.

"Mashallah! Adabu itakuua wewe!"

"Mazuri?" Bi Riziki akauliza, midomo ikimcheza. "Basi nikuongeze?"

"Hapana, hapana Bi! Yanatosha!" Na hapo akakohoa mpaka Zuhura akamkimbilia na kipande cha muwa. Bi Riziki alicheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, na machozi yaliendelea kutoka hata alipokwisha kucheka. Haji aliona. Polepole akatoa kinasa sauti chake, akakiweka kwenye mkeka, akasema, "Haya mama. Tuanze tena. Mnakunywa nini hapa?"

Bi Riziki akamweleza. Alimweleza usiku wa upepo, kisima, Kichakani, na mtungi wa ndani. Alipoombwa picha ya nyumba alikataa, na Haji hakumshurutisha. Akapiga picha ya kisima, na ya gilasi tupu juu ya sinia yenye ukungu mweupe wa chumvi chini yake.

Saa mbili kasoro, uwanja wa Bi Riziki ulijaa. Redio iliwekwa juu ya kinu. Ilianza dhoruba ya nchi ya mbali, ile yenye jina, ingawa ilikuwa imekwisha siku kadhaa nyuma. Sasa walikuwa wanaeleza jinsi watu wanavyorudi makwao. Ikafuata kona: barabara imefunguliwa, wageni wanaendelea kuja. Bi Mize akasema tuizime tulale. Ndipo ikaja sauti ya Haji, na ndani yake sauti ya Bi Riziki ikisema, "Haya ndiyo tunayokunywa, na mgeni tunamficha." Habari yenyewe haikufikia muda wa kuchemsha kahawa. Lakini mtangazaji alilitamka jina la Mwambatundu mara mbili, na mara zote mbili watoto walipiga makofi.

Alhamisi orodha ilifungwa. Sikujua, wala Zuhura hakujua, kama tumo. Haji alipiga simu mara tatu kwa ofisi husika, na mara ya tatu aliambiwa barua ya sheha imetolewa chini, imewekwa juu.

Ijumaa baada ya sala gari la maji likaja. Lilikwama mchangani mwanzo wa kijiji, na wanaume waliokuwa bado na kanzu zao wakalisukuma. Ndoo zikapangwa. Wa kwanza kuchota alikuwa Bi Riziki, akajaza mtungi mdogo, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kunywa. Akatoka na sinia, gilasi imefunikwa kisahani, akampelekea dereva maji yake mwenyewe aliyoyaleta. Mwanaidi akauchukua ule mtungi, akamimina gilasi nyingine, akasimama mbele ya Bi Riziki mpaka akanywa.

Jumamosi nilirudi mjini kupitia njia ileile, minazi iliyokatika shingo sasa nikiitazama kama watu ninaowajua. Haji alikuja bandarini kuniaga. Alisema mhariri wake amemuuliza kama kuna vijiji vingine, naye amemjibu kwamba anavyo vingi, anachokosa ni petroli. Wamemkubalia petroli ya siku mbili. Nikampa orodha ya majina niliyokuwa nimeyaandika njiani.

Ndugu zangu wa Kilosa, nimewaandikia haya kwa sababu nadhani yanatuhusu. Mimi nilikwenda nikiamini kwamba habari hupotea kwa sababu ya watu wa redio. Kweli, hupotea kwao pia: gari moja, mnara mmoja ukianguka, picha moja tamu, na macho yetu wenyewe, maana tuliomtazama yule paka siku tatu ni sisi. Lakini nyingine huzama katika heshima za watu wema. Kwa hiyo tusikiapo kimya baada ya mvua kubwa, tupige simu, na tukijibiwa "hatujambo" tusikate bado. Tuulize maji ya kunywa yanatoka wapi, na nani anayabeba. Na siku mto wetu ukifurika tena, tusione haya kumwonyesha mtu godoro lililolowa. Ni kazi ngumu, nimeiona kwa macho yangu ikifanywa na mama mwenye miaka sitini, na kama yeye aliweza, tutaweza.

Jana Bi Riziki alipiga simu kutoka juu ya ukuta wa skuli. Upepo ulikuwa mwingi, ilibidi apaze sauti. Mwanaidi hajajifungua bado. Kisima kinakamuliwa. Lakini kuna jambo: Kichakani nao maji yao yameanza kugeuka chumvi, kwa sababu vijiji vitatu vilikuwa vikichota kwao mfululizo, na hawajamwambia mtu ila yeye. Haji anakwenda huko Jumatatu.

"Wamejiandaa?" nikamuuliza.

"Wamejiandaa! Wamechinja kuku, wanafagia tangu asubuhi. Na maji ya mgeni wametuma yaletwe kutoka kwangu, haya ya gari. Kutoka kwangu, mwanangu! Nimewaambia, mpeni ya kwenu. Wanasema haiwezekani, ni aibu."

"Sasa itakuwaje?"

"Nnakwenda mwenyewe Jumatatu," alisema. "Mie aibu hiyo nshaizoea. Wao wakae tu. Nitammiminia mie, ya kwao."